Hofu ya hospitali: inatoka wapi, inaua namna gani, na namna ya kuishinda

Katika miji na vijiji vyetu, toka Bunia mpaka Uvira, kuko maneno ambayo kila mtu amekwisha kusikia kando ya kitanda cha mgonjwa. "Musimutie oksijeni, ile ndiyo inamalizaka watu." "Huyu walimulogea sumu, wakimupiga sindano atakufa palepale." "Damu ya mtu mwingine, hapana." "Tungoje kwanza tuone."

Wanaosema hivyo mara nyingi ni mama, shangazi ao kaka mwenye kumpenda mgonjwa na kutaka kumkinga. Lakini maneno hayo yanafikisha watu kaburini kwa magonjwa ambayo yana dawa. Katika makala hii tunaeleza hofu hizo moja kwa moja: zile zinazotokana na uvumi, zile zenye mzizi wa kweli, na mambo ambayo jamaa, mgonjwa na munganga wanaweza kufanya.

Mviringo wa hofu

Tuanze na jambo moja ambalo linaeleza karibu hofu zote. Mtu anaogopa hospitali, basi anabaki nyumbani. Anajaribu chai ya majani, kisha vidonge vya duka, kisha maombi. Ugonjwa unazidi. Siku ya sita ao ya kumi, wakati hawezi tena kusimama, wanampakiza kwenye moto na kumfikisha hospitali. Pale wanganga wanampa dawa yenye nguvu zaidi, lakini mwili umekwisha kuchoka. Anakufa usiku ule ule.

Kesho yake kartié nzima inasema: "Aliingia hospitali akiwa muzima, wakamupiga sindano, akafa." Hakuna anayehesabu zile siku kumi. Mtu wa pili akipata homa, anakumbuka kifo kile na yeye pia anabaki nyumbani. Hivyo kuchelewa kunaleta kifo, kifo kinaleta hofu, na hofu inaleta kuchelewa tena.

Kuko pia jambo lingine. Mtu aliyekuja mapema akapona kwa siku mbili, anarudi nyumbani kimya na kuendelea na kazi yake ya shamba. Hakuna matanga, hakuna watu wa kukusanyika. Yule aliyekufa, kila mtu anamujua. Kwa hiyo masikio yetu yanajaa habari za waliokufa, hata kama waliopona ni wengi zaidi.

Oksijeni

Oksijeni ni ile hewa ambayo kila mmoja wetu anavuta sasa hivi. Mapafu yakijaa maji ao usaha, kama vile katika kichomi kikali, hewa hiyo haiingii tena vya kutosha katika damu. Munganga anaweza kuipima kwa chombo kidogo ambacho wanabana kwenye kidole. Kwa mtu mzima wa afya, chombo kinaonyesha kwa kawaida 95 ao zaidi. Kikionyesha chini ya 90, mgonjwa anahitaji msaada wa oksijeni upesi, juu ubongo na moyo haviwezi kukaa muda mrefu bila hiyo.

Kwa nini basi watu wanasema oksijeni inaua? Juu inapewa wale ambao wako katika hali mbaya zaidi. Wengine kati yao watakufa, si kwa sababu ya mpira wa puani, ila kwa sababu ya ugonjwa uliowafikisha pale. Ni sawa na kusema machela inaua, juu wengi waliobebwa juu ya machela walikufa.

Kinachoua ni kuutoa ule mpira usiku kwa siri, wakati muuguzi ameenda kumwangalia mgonjwa mwingine. Kwa mtoto mwenye kichomi, dakika chache bila oksijeni zinaweza kutosha.

Sumu na sindano

Katika Kivu, hofu hii ndiyo ina nguvu kuliko zote. Mtu akianza kukonda, kukohoa, kuumwa na tumbo ao kutapika, wengi wanasema walimpa sumu, wengine wanaiita karuho. Na kuko imani kwamba mtu mwenye sumu akipigwa sindano, anakufa. Basi jamaa wanampeleka kwanza kwa munganga wa kienyeji ili atapishwe, wakati mwingine kwa wiki nyingi.

Tuangalie zile dalili zenyewe. Kukonda na kukohoa ni dalili za kifua kikuu. Kukonda na kuhara bila kuisha kunaweza kuwa SIDA. Maumivu ya moto juu ya tumbo yanaweza kuwa kidonda cha tumbo, ambacho mara nyingi kinaletwa na bakteria na kinapona kwa dawa za wiki mbili hivi. Tumbo kuvimba kunaweza kutoka kwa ini. Kukonda na kukojoa sana kunaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Magonjwa haya yote yana vipimo. Kila wiki inayopita katika kutapishwa ni wiki ambayo ugonjwa unakula mwili, na katika kifua kikuu ni wiki ambayo watoto wa nyumba moja wanavuta microbe ile ile.

Kutapika mara nyingi kunamaliza pia maji na chumvi za mwili. Chumvi hizo zikipungua sana, moyo unaweza kupiga vibaya na kusimama. Mgonjwa wa namna hiyo akifika hospitali na kufa kisha sindano ya kwanza, watu wanasema: "Munaona? Ni ile sindano." Kumbe mwili uliharibika mbele ya sindano.

Sumu ya kweli nayo iko. Kuko watu wanaokunywa dawa ya kuulia wadudu wa shamba, kwa bahati mbaya ao kwa kutaka kujiua. Kwa aina nyingi za dawa hizo, kinachookoa mtu ni atropini, na atropini inapewa kwa sindano. Kwa hiyo mtu aliyekunywa sumu ya shamba na kukatazwa sindano, amekatazwa dawa yake. Tena, usimlazimishe kutapika mtu aliyekunywa petroli ao maji ya kufulia, wala mtu aliyepoteza fahamu. Vitu hivyo vinaweza kuingia katika mapafu vikamuua. Chukua chupa ile aliyonywea, mpeleke hospitali mbio, na uonyeshe munganga chupa.

Damu

Malaria kali inaharibu damu ya mtoto upesi sana. Viganja vya mikono na ndani ya macho vinakuwa vyeupe, mtoto anapumua mbio, analegea. Wakati huo dawa ya malaria peke yake inaweza kuchelewa. Mtoto anahitaji kuongezewa damu saa ile ile. Hapo ndipo baba anasema: "Mungoje niite wakubwa wa familia kwanza." Wakubwa wakifika, mara nyingine mtoto amekwisha kwenda.

Watu wanaogopa mambo mawili. La kwanza ni kupata ugonjwa kupitia damu. Ni swali zuri, na lina jibu: damu inapaswa kupimwa virusi vya SIDA, hepatite B, hepatite C na kaswende mbele ya kutiwa kwa mgonjwa. Una haki ya kuuliza: "Damu hii imepimwa?" Munganga mzuri hatakasirika.

La pili ni kutoa damu. Kuko wanaosema mtoaji atabaki bila nguvu maisha yake yote, ao damu yake itauzwa kwa wachawi. Mtu mzima ana karibu litre 5 za damu. Wanaotoa wanatoa karibu nusu litre ao chini yake. Maji ya damu hiyo yanarudi kwa siku moja ao mbili, na chembe zake zinarudi kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kutoa tena mbele ya miezi kama mitatu. Kama hakuna anayetoa damu leo, hakuna damu ya mtoto wako kesho.

Hofu zenye mzizi wa kweli

Itakuwa uongo kusema hofu zote ni uvumi. Zingine zina historia, na ni vizuri kuijua.

Wakati wa ukoloni, serikali ya Wabelgiji ilipigana na ugonjwa wa malale kwa nguvu. Watu walipangishwa mistari, wakachomwa sindano katika uti wa mgongo kwa kupima, wakafungiwa katika malazareti, na kusafiri kulihitaji karatasi ya munganga. Dawa moja ya kwanza, atoxyl, ilipofusha wagonjwa wengine. Katika miaka ile pia ndimo zilienea habari za batumbula, wale ambao watu walisema wanakamata Waafrika usiku. Mjukuu anaweza kusahau atoxyl, lakini hofu inabaki katika familia.

Kisha kuko Yambuku, mwaka wa 1976, kaskazini ya inchi yetu. Ebola ilipoonekana mara ya kwanza, watu wengi waliambukizwa katika hospitali ya misheni, juu sindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa vizuri. Wagonjwa 318 walihesabiwa, na 280 walikufa. Kufunga hospitali kulisaidia kuzima ugonjwa. Mtu aliyeogopa sindano kule Yambuku aliogopa kwa haki.

Na katika miaka mingi watoto walipigwa kinini katika tako kwa ajili ya malaria. Ikiingia vibaya, iligusa mshipa mkubwa wa mguu, na mtoto akabaki kilema. Wengi kati yetu tunawajua watu hao. Leo, kwa malaria kali, dawa ya kwanza ni artezunate, na sindano inatumika mara moja kisha inatupwa. Uliza uone wakifungua sindano mpya mbele yako. Hiyo si dharau, ni haki yako.

Mzizi mwingine ni pesa. Mama anajua kwamba akijifungua kwa kupasuliwa na bei ikawa kubwa, anaweza kushikwa hospitali mpaka familia ilipe deni. Anayebaki nyumbani kwa sababu hiyo haogopi kisu, anaogopa factire. Kumwambia tu "usiogope" hakumsaidii kitu. Anayemsaidia ni yule anayemweleza bei mapema, ao kumuingiza katika mituelle ya afya ao kikundi cha kuweka akiba mbele mimba haijafika mwezi wa tisa.

Funzo la Ebola, 2018 mpaka 2020

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, na kisha Ituri ikaguswa pia. Ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, kisha watu 3.470 kuhesabiwa kuwa wagonjwa na 2.287 kufa.

Mnamo Septemba 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Zaidi kidogo ya robo walisema Ebola haiko. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa hapa wanatetea faida yao. Na wale wasioamini ndio hawakutaka sana kwenda kutunzwa ao kuchanjwa. Watu walikuwa wameona mauaji ya Beni kwa miaka bila kusaidiwa. Kisha ghafla magari mengi yakaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mwisho wa Desemba 2018 uchaguzi ukasogezwa katika Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu moja, na hasira ikapanda. Vituo vikavamiwa. Mwezi wa Februari 2019 vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa Butembo.

Wakati huo huo, dawa zilikuwa zinajaribiwa katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mbili zilishinda zingine. Moja yao, mAb114, ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995, na profesa Jean-Jacques Muyembe ni mmoja wa waliofungua njia hiyo. Kwa waliopewa dawa hizo mbili, karibu mmoja kati ya watatu alikufa. Lakini kwa waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikufa karibu mmoja tu kati ya kumi. Na kila siku ya kuchelewa iliongeza hatari ya kufa. Hapo mviringo wa hofu unaonekana kwa hesabu: aliyekimbia kituo kwa kuogopa kufa alikuwa anajiongezea kifo.

Nini kilipunguza hofu? Maneno ya kipaza sauti yalisaidia kidogo tu. Vyumba vyenye kuta za plastiki ya kuonekana ndani vilisaidia zaidi, juu mama aliweza kumwona mtoto wake na kuzungumza naye. Jamaa kuhudhuria mazishi kulisaidia. Na waliopona walisaidia sana: walirudi katika vituo kulea watoto wachanga wa mama waliolazwa, juu wao walikuwa na kinga. Mtu anaamini jirani aliyeingia na akatoka mzima kuliko anavyoamini afishi.

Upande mwingine: kutaka dawa kupita kiasi

Tabia mbaya kwa dawa haiko tu kukimbia. Kuko wale wanaodai. Mtu ana uchovu, anataka serumu. Muuguzi akisema vidonge vinatosha, anakasirika na kwenda kwa famasi ya kando ya njia, ambako watamtia chochote. Serumu ni maji yenye chumvi ao sukari kidogo. Kwa mtu anayeweza kula na kunywa, haimpi nguvu kuliko uji na maji. Na kila sindano isiyohitajika ni mlango wazi kwa microbe.

Wengine wanaacha njiani. Dawa za malaria za siku tatu, mtu anakunywa siku moja, homa inashuka, zingine anazificha kwa ajili ya mtoto. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa kwa miezi sita. Kisha mwezi wa pili kikohozi kinaisha na mgonjwa anasema amepona. Microbe zilizobaki ndizo zile ngumu. Zinarudi zikiwa zimezoea dawa, na matibabu yanakuwa marefu zaidi. Wengine wanaacha juu wameona mkojo mwekundu kama Fanta. Ni rangi ya dawa yenyewe, rifampisini, si damu. Wangeambiwa siku ya kwanza, wasingetoroka.

Na wengine wanaficha. Hawasemi kwamba wamekwisha kunywa majani, ao kwamba wanakunywa dawa za SIDA, kwa kuogopa kugombezwa. Munganga asiyejua anaweza kutoa dawa inayogombana na ile ya kwanza. Kumwambia ukweli wote ni sehemu ya matibabu.

Wakati mwili wenyewe unaogopa

Kuko watu wanaoamini hospitali kabisa, lakini wakiona sindano, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, wanaanguka. Si utoto. Kwa watu wengine, kuona damu kunafanya tansio ishuke ghafla. Kuko njia rahisi: lala chini ao keti, kaza misuli ya mikono na miguu sekunde kumi na tano hivi, legeza kidogo, kaza tena, mara tano. Tansio inapanda, hauanguki. Mwambie muuguzi mapema, angalia upande mwingine.

Kwa wengine ni kinyume: tansio inapanda kwa sababu ya kuwa tu mbele ya munganga. Ndiyo maana inafaa kupumzika dakika tano mbele ya kupimwa, na kipimo kimoja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa wa tansio.

Mtoto naye, usimtishe nyumbani kwa kusema: "Ukilia nitakuita munganga akupige sindano." Siku atakapokuwa mgonjwa kweli, atapigana na mtu anayemwokoa.

Nini tufanye

Kwa jamaa: Mbele ya kusema "hapana", uliza maswali matatu. Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii inafanya nini? Tukikataa, nini kitatokea? Kama mnataka kuzungumza na wakubwa, pangeni mapema nani anaruhusiwa kusema "ndiyo" wakati wa hatari, ili mtoto asingoje mjomba aliye safarini. Kama mna imani na munganga wa kienyeji, msimfiche daktari. Na msiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Kwa wanganga na wauguzi: Mtu anayekataa dawa ana sababu. Usimwite mjinga mbele ya wengine. Muulize alisikia nini, na nani alikufa katika familia yake, na namna gani. Mpe jibu kwa lugha yake. Mwambie bei mbele, na madhara madogo ya dawa mbele. Mtu akifa, kaa na jamaa dakika kumi na kuwaeleza. Mkiondoka kimya, kartié itaeleza kwa nafasi yenu.

Kwa wareko, wachungaji, maimamu na viongozi wa avenyu: Tafuteni waliopona na muwape nafasi ya kusema. Mama ambaye mtoto wake alitiwa damu na leo anaenda masomo, ana nguvu kuliko hotuba.

Na kwa sisi wote, hizi ndizo dalili ambazo hazingoji "tuone kwanza". Mtoto asiyeweza kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata kifafa cha homa, anayelegea ao haamki, anayepumua mbio ao kwa shida. Mama mjamzito anayetoka damu, anayeumwa sana na kichwa na kuona giza, ao aliyepata kifafa. Mtu mzima anayekohoa zaidi ya wiki mbili anaweza kutembea mwenyewe mpaka kituo cha afya apimwe makohozi. Wale wengine, wapeleke leo, hata kama ni usiku na njia inaruhusu. Hofu mnaweza kuizungumzia kule kule, kando ya kitanda, mgonjwa akiwa ameanza dawa.